Shujaa Aliyepita Nyumbani Kwake

Shuleni, karibu na Ahero,
mwisho wa masika.

Kwa Baba yangu mpenzi,

Shikamoo Baba. Marahaba yako nimeshaisikia kabla hujaitamka, maana najua barua hii utaifungulia uani, na Mama yupo hapo karibu anapepeta mchele huku akijifanya hasikilizi. Kama ndivyo, basi shikamoo yake naye nimeiweka hapa. Goti lako vipi? Mara ya mwisho uliandika kwamba likikunjwa halikunjuki na likikunjuka halikunjiki, nikacheka, kisha nikaona vibaya kucheka. Na ile homa ya Mama imemwacha? Dada Mwanasiti amejifungua salama? Nijibuni hayo kwanza. Haya yangu yanaweza kungoja, ingawa mimi mwenyewe yamenishinda kungoja.

Mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Kichwani ndiko kusikotulia. Nimekawia kuandika kwa sababu kila niliposhika kalamu nilijikuta sijui nianzie wapi, kwenye mafuriko au kwenye kitabu. Naona nianze na kitabu, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenipa.

Ile riwaya ya Mhunzi uliyokuwa ukitusomea tulipokuwa wadogo mwaka huu inatahiniwa kidato cha nne, na mwalimu wake ni mimi. Nilipoingia darasani niliwasimulia wasichana kwa namna yako, hata sauti nilijaribu kuishusha kama unavyoishusha wewe. Nikawaambia habari ya mhunzi wa kijiji aliyeamriwa na mwuza watu afue minyororo ya watumwa akakataa, akavunja ghala walimofungiwa mateka, akawaongoza msituni mpaka akawavusha mto, ilhali anajua kwamba mkewe na mwanawe wamebaki nyuma mikononi mwa yule mwuza watu. Ulikuwa ukifika pale mtoni unafunga kitabu, unatutazama mmoja mmoja, unasema, "Kuweni kama Mhunzi." Mimi nilikuwa naitikia kwa moyo wote.

Sasa Baba, jambo hili nalitaja bila kukulaumu. Riwaya ile haiishii mtoni. Ina sura moja zaidi, fupi, ambayo hukutusomea, nami sikuijua mpaka niliponunua nakala yangu ya kufundishia. Mhunzi anarudi kijijini baada ya miaka mingi, ana mvi, watu wanampokea kwa ngoma. Anakwenda kwake anabisha hodi. Mtoto alikwisha kufa zamani. Mke anamjibu akiwa ndani, anamshukuru kwa niaba ya wote aliowaokoa, na hafungui. Kitabu kinaisha mtu kasimama nje ya mlango wake mwenyewe. Niliisoma sura ile mara tatu nikidhani nimekosea mahali.

Basi nikaandika ubaoni swali la namna wanayopenda watahini: Shujaa wa riwaya hii ni mfano wa kuigwa. Jadili. Katika darasa lile kuna msichana anaitwa Atieno, mrefu, mkimya, Kiswahili chake cha kuandika ni kizuri kuliko cha kusema. Wenyeji wa huku, Waluo, Kiswahili kwao ni lugha ya shule na ya soko, na wakikizungumza wanakwenda nacho wanavyojua. Atieno akainua mkono akauliza, "Mwalimu, shujaa na mfano ya kuigwa, si ni kitu moja?"

Nikamjibu kwa haraka, na jibu lenyewe likanipendeza. Nilisema shujaa hufanya jambo ambalo wengine hawaliwezi, na mfano wa kuigwa hufanya jambo ambalo wengine wanaliweza ila hawajaanza. Wasichana wote wakainama wakaandika. Mimi nikajiona nimemaliza kazi. Leo mtu akiniuliza swali lile lile sijui kama ningefungua kinywa.

Mafuriko yalikuja wakati wa likizo. Huku uwanda wa Kano maji yanaweza kukufika na jua linawaka, maana mvua hunyesha kule juu, vilima vya Nandi, halafu mto Nyando unaileta yote kwetu. Wasichana wengi walikuwa wamekwenda kwao. Nilibaki shuleni na wachache ambao kwao ni mbali au hawakuwa na wa kuwachukua. Asubuhi tulisikia ng'ombe wanalia, tukatoka kutazama, na uwanja wa michezo haukuwepo tena. Mpaka tulipopata akili ya kukimbia, barabara ya kutokea ilikuwa imekwisha kufunikwa. Tukapanda juu ya paa la bwalo la chakula kwa kutumia meza, mimi wa mwisho, na ule ukuta wa matofali ya udongo niliuhisi unatetemeka chini yetu. Nilisoma kila sura ya Qur'ani niliyoijua, nikaanza upya.

Aliyekuja kutuokoa ni baba yake Atieno, Mzee Obiero. Yeye kazi yake ni kufungua na kufunga maji ya mifereji kwenye mashamba ya mpunga, na ana mtumbwi wake wa kuvulia kamongo, wale samaki wa matopeni. Ni mtu mkubwa wa mwili, si msemaji. Aliusogeza mtumbwi mpaka kwenye paa, akachukua wasichana kiasi ulichoweza kubeba, akawapeleka barabara kuu ambayo imeinuliwa, akasema kwa mkono kwamba atarudi. Nikabaki na wasichana wawili wa kutoka Kisii, wote wanalia.

Baba, sehemu hii inayofuata ndiyo inayonisumbua, kwa hiyo naiandika polepole. Nyumba ya Obiero iko kati ya shule na barabara. Kutoka pale juu ya paa niliiona, maji yamefika madirishani. Pembeni yake kuna kichuguu kikubwa, na juu ya kichuguu alisimama mkewe, Mama Atieno, maji yakimpita magotini, amembeba mtoto wao mdogo wa kiume, Ouma, na Atieno amemshika nguo. Obiero alipokuwa akirudi kutufuata, mtumbwi ukiwa mtupu, alifika usawa wa kichuguu akaacha kupiga kasia, mtumbwi ukawaelekea wao. Mkewe akainua mkono akaita neno moja, fupi. Obiero akakaa kidogo, anamtazama. Kisha akageuza mtumbwi akaja kwetu.

Akatuchukua mimi na wale wawili. Wakati tunapita karibu na kichuguu mtumbwi ulikuwa umelemewa, maji yanachungulia kuingia, na yeye hakugeuza shingo. Mimi niligeuza. Nilimwona Atieno ananitazama, mwanafunzi wangu, nami nimekaa katika mtumbwi wa baba yake. Tulikuwa hatujafika barabarani tuliposikia kishindo nyuma yetu. Ukuta wa bwalo ulikuwa umeanguka na paa limekwenda nalo. Kwa hiyo mimi kuwa hai na kukuandikia ni kwa sababu ya neno lile, lolote lililokuwa, na kwa sababu ya mtu yule kugeuza mtumbwi.

Alirudi kuwachukua watu wake, lakini mkondo ulikuwa umezidi nguvu na ilimchukua mchana wote kuwafikia. Walikutwa wamesimama vile vile. Ouma alikuwa amekakamaa kwa baridi. Alilazwa hospitali Kisumu, akapata nafuu, akarudi nyumbani, kisha kifua kikambana tena na akafa kabla shule hazijafunguliwa. Wengine wanasema ni ile baridi ya kichuguu. Wengine wanasema alikuwa na malaria tangu kabla ya maji. Daktari alisema kifua, basi. Nilikwenda mazishini. Obiero alichimba kaburi mwenyewe, hakutaka asaidiwe.

Siku zile mimi nilikuwa nimehifadhiwa mjini Kisumu kwa Bi. Zubeda, mama mmoja ambaye babu yake aliletwa huku na ujenzi wa reli akafia huku huku. Alinivika nguo zake, akanipikia wali wa nazi ya kuagiza, akaniita mwanangu. Mwambie Mama asiwe na wasiwasi juu ya hilo, nilitunzwa vizuri. Nilirudi shuleni walipokwisha kutoa matope madarasani.

Nilikuta jina la Obiero limejaa kila mahali. Sokoni Ahero wanamsimulia, na kule Kondele, mjini Kisumu, abiria wanaambizana habari zake wakingoja gari. Neno lenyewe shujaa limeingia hata kwa wasiojua Kiswahili. Mwalimu Mkuu wetu ni mama mchapakazi, ananipenda, na ndiye aliyewazoesha watu wa hapa kuniita Nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa, japo nimewaeleza mara nyingi kwamba kwetu ni Vanga. Aliniita ofisini akasema siku ya wazazi inakaribia, D.O., yaani afisa wa tarafa, atakuwepo, na Obiero atapewa zawadi mbele ya watu.

"Huyu mzee ameokoa shule," akaniambia. "Na nyinyi mko na hiyo kitabu ya Mhunzi. Atieno asome kitu kidogo, aseme baba yake ndiye Mhunzi yetu, na wasichana wamuige. Wewe uikague kwanza."

Nikaitikia ndiyo. Ningesemaje, Baba, mimi ambaye nilivushwa? Kama kuna mtu anayepaswa kumsifu Obiero juu ya mgongo wa nchi hii, ni mimi.

Nilimwita Atieno kwenye baraza ya darasa nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukataa wala hakukubali. Aliniuliza swali.

"Mwalimu, wewe ulikuwa juu ya paa. Mama aliita nini?"

Hapa lazima nikufafanulie. Kwa Kiluo, njoo ni "bi", na nenda ni "dhi". Maneno mawili, moja la kumvuta mtu na moja la kumsukuma, na mtu akiyapigia kelele juu ya maji hayana tofauti kubwa, sana sana kwa sikio la mgeni. Siku ile mimi nilikuwa hata sijajua neno moja kati ya hayo. Nilisikia sauti tu. Niliichukua masikioni kama nilivyoisikia, na tangu hapo nimejaribu kuisikia tena, nimefumba macho, nimeisikia "bi", nimeisikia "dhi", sasa siamini masikio yangu kwa lolote.

Nikamwambia kweli, kwamba sijui.

"Mimi nilikuwa nimemshika nguo," akasema. "Alisema bi. Lakini nyumbani nikisema hivyo, Mama ananiambia ninyamaze. Nilifikiri wewe utasema."

Akarudi darasani. Sikuwahi kuona mtoto aliyekatishwa tamaa kwa adabu kiasi kile.

Jumamosi yake nikaenda kwao. Mama Atieno alikuwa anakandika ukuta upya, matope yamemfika viwikoni. Alinipa kigoda, akaendelea na kazi, nami nikamsaidia kumsogezea udongo. Nilizunguka sana kabla ya kuuliza. Nilipouliza hakushangaa, nadhani alijua nilichofuata. Alisema alimwambia mumewe aende. Alisema kutoka kichuguuni alikuwa akiuona ufa wa bwalo, na kichuguu hakianguki, na watoto wa watu wangeanguka. Alisema Atieno alikuwa analia na mtu anayelia hasikii. Yote hayo aliyasema akinipa mgongo, anapaka udongo mahali ambapo palikwisha kupakwa. Halafu akasimama.

"Na hata kama nilisema bi," akaniambia, "sasa hiyo bi nitaifanya nini?"

Nikaendelea kusogeza udongo.

Obiero alinisindikiza mpaka barabarani, kama ilivyo heshima. Nilikuwa sijapata kumshukuru ipasavyo tangu siku ile, msiba ulikuwa umeingia kati. Nikaanza kumwambia asante, akanizuia kwa upole, akasema asante hiyo tuingoje tuwe mbali kidogo na nyumba. Tulipofika kwenye mfereji mkubwa akasimama mwenyewe akasema nisimwulize alichoambiwa na mkewe, kwa sababu hakusikia kitu. Maji yalikuwa na kelele. Aliona mkono tu umeinuka.

"Mkono ya kuita na mkono ya kufukuza, ukiwa mbali, ni mkono," akasema. "Mimi ndio nilichagua. Watu wakiniita shujaa, mimi naona ule mkono."

Nilitembea mpaka shuleni nikiwa nimevurugika kuliko nilivyokwenda. Nilikwenda kutafuta neno moja nikarudi na matatu. Mtoto anasema aliitwa arudi. Mama anasema alimtuma. Na mwenyewe hakusikia kabisa, alitazama mtumbwi mtupu na watu pande mbili, akaamua. Nikilala namwona ni mtu mkubwa kuliko Mhunzi wa kitabuni, kwa maana yule alikuwa na mwandishi wa kumsaidia. Nikiamka namkumbuka Ouma, nasema ningekuwa mke wake nisingemfungulia mlango. Kisha nakumbuka kwamba mimi nisingekuwepo hata kusema hivyo.

Atieno alikuja siku mbili kabla ya sherehe. Alisema atasoma, kwa sharti kwamba ataandika mwenyewe na mimi nisikague. Nilijua nimeagizwa nikague. Nilijua D.O. atakuwepo. Nilitaka kumwambia kwamba ukweli wa nyumbani hausomwi hadharani, nikakumbuka kwamba ni mimi niliyewafundisha kujadili. Nikamkubalia. Mpaka sasa sijui kama nilimkubalia kwa sababu ilikuwa haki au kwa sababu nilikuwa nimechoka kuwa mimi ndiye wa kuamua.

Siku yenyewe ilikuwa na jua zuri. Wageni walikaa chini ya turubai, wanaume upande mmoja wa viti, akina mama kwenye nyasi na khanga zao. Obiero aliwekwa mstari wa mbele, amevaa koti lililombana mabegani. Wakasema waliosema. Kisha Atieno akaitwa, akasimama na karatasi yake.

Alianza kwa kutaja wasichana waliotolewa juu ya paa, mmoja mmoja kwa jina na kwao, halafu akanitaja mimi. Alisema kila aliyetajwa ana mama, na mama huyo asingekuwa na mtoto leo kama si baba yake. Watu wakapiga makofi, Mwalimu Mkuu akanitazama akatabasamu. Atieno akangoja watulie. Akasema kwamba kichuguuni palikuwa na watu pia, akawataja, yeye, mama yake na Ouma. Akaeleza jinsi mama yake alivyosimama tangu asubuhi bila kubadilisha bega alilombebea mtoto, kwa sababu bega la pili yeye Atieno alikuwa ameliegemea.

Halafu akasema maneno niliyoyashika yote. "Tumeulizwa darasani kama shujaa ni mfano wa kuigwa. Baba yangu ni shujaa, na mtu akikataa nitagombana naye. Lakini mimi siwezi kumuiga, kwa sababu nikimuiga nitapita nyumbani bila kusimama. Nataka kuwa kama mama yangu, lakini sitaki kusimama pale aliposimama. Kwa hivyo swali bado sijalijibu."

Akakunja karatasi akakaa.

D.O. alitazama viatu vyake. Mwalimu Mkuu alinitazama mimi, na tabasamu halikuwepo. Kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi, taratibu, mikono mizito, na nilipogeuka nikaona ni Obiero mwenyewe. Alipiga peke yake. Watu hawakujua kama wamfuate. Mama Atieno alikuwa amejifunika khanga mpaka usoni. Obiero akainuka, akatoka mstari wa mbele kabla hajaitwa kupewa zawadi, akavuka kwenda upande wa akina mama, akakaa kwenye nyasi karibu na mkewe. Si ubavuni, karibu. Mke hakusogea kumpisha wala hakusogea kumkaribia.

Baadaye niliitwa ofisini. Mwalimu Mkuu hakupaza sauti, na hilo ndilo liliniuma. Aliniambia nimeiaibisha shule mbele ya wageni, na kwamba nimemtumia mtoto mwenye msiba kusema mambo ya kwao. Alisema ataomba nihamishwe. Labda ana haki. Nimelifikiria lile la pili hasa, la kumtumia mtoto, na kila nikijitetea naona utetezi wangu una tundu. Lakini walimu wenzangu wawili walinishika mkono kimyakimya kwenye ukumbi, na mmoja wao alikuwa na machozi. Sasa nimwamini nani?

Mama Atieno alikaa muda hanisalimu. Tukikutana sokoni alikuwa anatazama upande mwingine. Atieno aliniambia kwamba mama yake hakumpiga wala hakumgombeza, alimwuliza tu, kwa nini umenivua nguo mbele ya watu? Na siku ya tatu akamwambia apike yeye, kisha wakala pamoja, baba naye alikuwepo. Ni hayo tu anayoyajua. Kama mama aliita "bi" au "dhi" halijatajwa tena katika nyumba ile, na mimi sitalitaja.

Wiki iliyopita walianza kupandikiza mpunga upya kwenye mashamba yaliyokaushwa. Nilijipeleka bila kualikwa. Nilivua viatu, nikapandisha gauni, nikaingia kwenye tope. Obiero alikuwa mwanzo wa shamba anapima maji, mkewe na Atieno wameinama kwenye mistari. Hakuna aliyenifukuza. Nikachukua miche nikaanza kupanda, na nadhani nilipanda kama mtu anayetia chumvi, hapa nyingi hapa hakuna. Muda ukapita. Mama Atieno akaja nyuma yangu, akang'oa mstari wangu wote, akaniwekea mkono wake juu ya mkono wangu akanionyesha urefu wa kuuzamisha mche, akasema, "Nyar Mombasa, mpunga sio maua." Ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa tangu siku ya wazazi. Tukapanda mpaka jua likawa kali. Jioni nilipoondoka alinifungia samaki wa kukaanga kwenye gazeti. Obiero alinipungia mkono kutoka ng'ambo ya mfereji, na nilisimama pale kidogo kama mjinga, nikajiuliza ananiaga au ananiita.

Habari ndizo hizo, Baba. Barua ya kuhamishwa haijafika. Ikija nitakujulisha ni wapi, na kama ni karibu na kwetu Mama atashukuru Mungu na mimi nitalia, maana nimeizoea hewa ya huku na kelele zao za salamu. Atieno anaendelea na masomo, na lile swali la ubaoni alilijibu tena kwenye jaribio kwa kurasa nne nzima, akipinga mwanzo, akikubali mwisho. Nilimpa alama nyingi na sikuandika maoni yoyote, kwa kuwa sina.

Ninalokuomba ni hili. Uliposema tuwe kama Mhunzi, ulimaanisha nini? Sikuulizi kwa jeuri, wewe wanijua. Nakumbuka ile miaka uliyokwenda kuanzisha shule kule bara, watu mpaka leo wanakuombea dua kwa ajili yake, na sisi tulikuwa tukikuona kwenye sikukuu. Sisi watoto hatukukosa kitu. Tulikuwa na baba wa kujivunia, na kila aliyepita alitusifia wewe. Kwa hiyo nataka kusikia kutoka kwako kama ile sura ya mwisho uliiacha kwa sababu sisi tulikuwa wadogo, au kwa sababu nyingine.

Nisalimie wote. Nisalimie Bibi mzaa mama, mwambie dawa yake ya kifua niliwapa watu wa huku na wameisifu. Nisalimie Mwanasiti na mgeni wetu mpya, kama ni msichana nataka nichangie jina. Nisalimie kaka yangu Athumani, mwambie aache kungoja barua aandike yeye. Nisalimie mjomba fundi cherehani na mke wake, na jirani yetu mwenye kisima. Bi. Zubeda naye, mama yangu wa Kisumu, anawasalimu ingawa hamjuani.

Na barua hii ukishaisoma, usiikunje upesi. Mpe Mama nafasi aweke ungo chini. Msimulie na ile sura ya mwisho, ya mlango, halafu umwulize yeye anamwonaje yule mke. Tumekisoma kitabu kile nyumbani kwetu miaka yote hiyo, yeye akipita na chai, na sikumbuki siku hata moja mtu alimwuliza. Atakalosema liandike vile vile, Baba, usilinyooshe.

Ni mimi mwanao anayekupenda na anayekuheshimu,
Mwanaidi.